Ramani ilisema kuna njia

Najua wengi mnangoja sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo nataka kuwasimulia habari za maporomoko ya maji, na jinsi nilivyokaribia kumvunja mjomba wangu mguu kwa sababu niliiamini simu kuliko yeye.

Mwezi uliopita nilimaliza kazi ya mteja mmoja iliyonikesha usiku kumi mfululizo. Macho yalikuwa yanawasha, mgongo unauma, na nikifumba macho naona mistari ya programu. Nilipompigia mjomba simu kumjulia hali, alinisikiliza kidogo kisha akasema, "Wewe njoo huku ule viazi." Kesho yake nikapanda matatu ya Nyahururu.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Alifanya kazi miaka mingi katika kitalu cha miche, na mshahara ule mdogo ndio ulionilipia karo ya shule ya upili. Sasa ana miaka 71 na goti la kulia linamsumbua. Kwa hiyo jueni mapema kwamba huyu si mtu ambaye ningependa kumrudisha nyumbani amebebwa.

Kwa wasioijua Nyahururu: ni kama kilomita 190 kutoka Nairobi, ukipitia Naivasha, Gilgil na Ol Kalou. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Ikweta inapita karibu kabisa. Mgeni akisikia Ikweta anadhani ni joto. Chukua sweta, ndugu yangu. Karibu na mji, mto Ewaso Narok unafika ukingoni mwa genge na kuanguka mita 74. Narok kwa Kimaasai ni nyeusi, na ukiutazama mto kabla haujaanguka utaelewa. Baada ya hapo maji yanaendelea hadi kuungana na Ewaso Ng'iro, yakielekea nchi kavu ya kaskazini ambako kila tone lina mwenyewe.

Mskoti Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883, ndiyo maana maporomoko yakaitwa Thomson's Falls. Zamani hata mji wenyewe uliitwa hivyo. Wazee wa rika la mjomba bado wanasema tu "T-Falls".

Tulifika asubuhi, tukalipa kiingilio, tukasimama pale juu panapotazamiwa maji. Ukungu wa maji ulikuwa unapanda hadi usoni. Kuna ngazi za kushuka hadi chini, lakini ni kali na zinateleza. Mjomba akazitazama, akatazama goti lake, akacheka. "Mimi na hizi tumeachana."

Hapo ndipo utaalamu wangu ulipojitokeza. Usiku uliotangulia nilikuwa nimepakua ramani ya eneo lile kwenye simu ili niitumie bila mtandao. Ilikuwa na mstari mwembamba wa nukta nukta, njia ya miguu iliyorekodiwa na mtu nisiyemjua. Ilipita msituni kandokando ya genge, kisha ikashuka polepole hadi mtoni. Hakuna ngazi. Nikamwonyesha mjomba kwa fahari.

"Nani amekuambia kuna njia hapo?"

"Ramani, mjomba."

Akanyamaza. Nilidhani amekubali. Sasa najua kwamba alikuwa ananiheshimu tu kwa sababu nimesoma.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa tamu sana. Mjomba alinionyesha mutarakwa, ule mwerezi wetu wa milimani ambao gome lake linabanduka kwa vipande virefu. Alinionyesha mutamaiyu, mzeituni wa porini, akanieleza kwamba wafugaji hutumia makaa ya mti huo kusafishia vibuyu vya maziwa, ndiyo sababu maziwa yao yana harufu ile ya moshi. Mbega wawili walikuwa juu yetu, mikia myeupe inaning'inia. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu sikuwaza kuhusu kazi.

Kisha njia ikaanza kuwa nyembamba, na ile nukta ya buluu kwenye simu ikaanza kurukaruka. Mara iko nyuma yetu, mara iko katikati ya mto. Hili linaelezeka. Simu inahitaji kusikia angalau setilaiti nne za GPS, na setilaiti hizo ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia. Mahali pa wazi simu hukosea kwa mita chache tu. Kando ya genge, nusu ya anga imezibwa na mwamba, na mawimbi mengine yanakuja baada ya kugonga ukuta wa jiwe, yaani yamechelewa. Simu inahesabu kuchelewa kule kama umbali. Nilijua haya yote. Nimewahi hata kuwafundisha vijana wengine. Bado nilikuwa natembea macho yangu kwenye skrini badala ya kutazama chini.

Nilisikia mjomba akisema "Ee!" tu. Ukingo wa njia ulikuwa umemeguka, umefunikwa na majani. Mguu wake wa kulia, ule wenye goti bovu, ulizama. Nikamshika koti kwa mikono yote miwili, simu ikaanguka kwenye nyasi. Fimbo yake ikatuponyoka ikaenda zake bondeni. Hatukusikia ikitua. Sauti ya maji ilikuwa imemeza kila kitu.

Tulikaa chini kwa muda, tumeegemea mti. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Mbele yetu, pale ramani ilipoendelea kuonyesha nukta nukta nzuri, hapakuwa na kitu, udongo mtupu umeporomoka.

Mjomba ndiye aliyeanza kuongea, taratibu kama kawaida yake.

"Hiyo ramani yako iliandikwa lini?"

Nikaokota simu, nikaangalia rekodi. 2013.

"Na tangu hapo mvua imenyesha mara ngapi?"

Sikuwa na jibu.

Kurudi, yeye ndiye aliyeongoza. Nilimkatia fimbo kutoka tawi kavu lililoanguka. Alisimama mara nyingi kuangalia visiki na mteremko wa ardhi, na tukatoka salama kwa njia ambayo haimo kwenye simu yoyote. Ilituchukua saa nzima.

Tulipofika juu nikamwambia twende nyumbani. Akakataa. "Mimi siwezi kushuka, wewe unaweza. Nenda, uniletee habari."

Nikashuka zile ngazi. Chini pale upepo wa maji unakulowesha kama mvua, na unasikia mshindo kifuani kabla ya masikioni. Nikachukua video ya dakika tatu, nikapanda tena huku nahema, nikampa aone. Aliitazama kwa adabu.

"Kulikuwa na mutamaiyu chini, upande wa kulia wa maji. Bado upo?"

Jamani. Nilikuwa nimesimama pale dakika kumi na sikuuona mti wowote. Nilikuwa naangalia kama picha imekaa sawa.

Akaniambia kwamba zamani akiwa kijana walishuka pale kuokota mbegu za mti ule kwa ajili ya kitalu. Miti mingine aliyoipanda ilikatwa baadaye, mingine haijui ilipo. Ule alikuwa anauhesabu kama mama yao.

Nikashuka mara ya pili. Miguu ilikuwa inaniuma vibaya, lakini baada ya mambo ya asubuhi ile ningeshuka hata mara tano. Mti upo. Tawi kubwa moja limevunjika, lakini upande wa pili ni kijani kabisa. Safari hii sikupiga picha. Nilipanda nikamweleza kwa maneno: urefu wake, tawi lililovunjika, moss kwenye shina, upande unaoinamia. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Basi," akasema. "Twende tukale."

Usiku ule niliwasha tarakilishi nikafungua OpenStreetMap, ule mradi wa ramani ulioanza mwaka 2004 ambao mtu yeyote anaweza kuuhariri. Nikaiwekea ile njia alama kwamba haipitiki, nikaandika na tarehe niliyoikagua. Sikumlaumu aliyeirekodi. Mwaka 2013 bila shaka ilipitika. Kosa ni langu mimi niliyesoma data bila kuuliza ni ya lini, jambo ambalo kazini nawagombeza wengine kila wiki.

Ukitaka kwenda:

1. Tumia ngazi zile rasmi tu. Njia nyingine zilizo kando ya genge, ziache hata kama zinaonekana nzuri.

2. Vaa viatu vyenye meno, na ubebe nguo kavu. Chini utalowa.

3. Kiangazi maji hupungua sana. Baada ya mvua ndipo yanapopendeza, lakini ndipo ngazi pia zinapoteleza.

4. Ukipenda maporomoko marefu zaidi, kuna Karuru ndani ya hifadhi ya Aberdare, yanayoshuka mita 273 kwa ngazi tatu. Huko unahitaji gari lenye nguvu.

5. Kama una mzee anayejua msitu, mwache atangulie.

Mjomba anawasalimu. Sehemu ya pili ya hifadhidata wiki ijayo, naahidi.