Albamu ya pili, mimi na mshikaji wangu wa Iringa

Najua nimepotea humu kama wiki tatu hivi. Msinilaumu, Mbeya baridi imeshika kwelikweli na UE ziko mlangoni. Usiku huu kitabu kimegoma kuingia kichwani, basi ngoja niwape ya Iringa.

Wanaonijua wanakumbuka mimi na mshikaji wangu tulikuwa tunatengeneza muziki wa kompyuta. Tulianza tukisubiri matokeo ya Form Six, geto kwetu Uyole, laptop moja, spika mbili na moja imepasuka. Nyimbo sita tukaziita albamu, tukazisambaza kwa flashi, watu wakasifia. Halafu yeye akapata chuo Iringa, mimi nikabaki hapa. Albamu ya pili tukawa tunatumiana vipande vipande kwa WhatsApp. Mwezi wa nne akaniambia amechoka, anataka kushika kamera. Daah! Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Miezi miwili kimya.

Wiki iliyopita akatuma ujumbe mmoja tu: "Just A Band, 82. Sikiliza yote." Hata salamu hakuna. Nikaipuuza. Ila Jumamosi nilikuwa na safari ya Iringa, send-off ya binti wa shangazi, nikaona njia ni ndefu, acha niisikilize.

Kwa wasiowajua, Just A Band ni vijana waliokutana Kenyatta University, wanafunzi kama sisi. Sisi wawili, wao walikuwa wanne. Albamu ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka 2008, na 82 ikaja 2009. Muziki wa mashine lakini una joto la watu ndani yake. "Usinibore" niliirudia mara tatu kabla ya Igawa. "Ha-He" ndiyo iliyowapa jina kubwa 2010 kwa ile video ya Makmende, mbabe wa kuchekesha kama wa filamu za Marekani za miaka ya 70. Wakenya wakaanza kumtungia vituko mtandaoni, ikawa gumzo hadi nje ya nchi.

Tulivyosimama Makambako, nikiwa na mahindi yangu ya kuchoma, nikatafuta kwenye simu hawa watu waliishia wapi. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini nimetumiwa. Walitoa albamu ya tatu 2012, halafu kila mtu akashika njia yake. Jim Chuchu akaongoza filamu ya Stories of Our Lives, 2014. Mbithi Masya akaongoza Kati Kati, ikapata tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI kule Toronto 2016. Blinky Bill akabaki na muziki, akatoa albamu yake mwenyewe 2018. Na tangu mwanzo walikuwa wanachora na kutengeneza video zao wenyewe. Kamera haikuja kuua bendi, ilikuwemo siku zote.

Sasa mimi nilimwita mwenzangu msaliti kwa sababu ya kamera ya kuazima!

Kutoka Mafinga sikusikiliza tena, nilikuwa napanga maneno. Nikampigia nikiwa Ipogolo. Jioni tukapanda jiwe la Gangilonga, mji wote chini yetu, upepo unakata masikio. Nikaomba msamaha, tena bila utani. Akakaa kimya weee, halafu akasema: "Mwanangu, sijakukimbia wewe. Nimeikimbia ile kompyuta." Kisha akanipiga picha nikiwa nimenuna, eti ndiyo kava.

Msidhani mambo yamerudi kama zamani. Hayajarudi. Tumekubaliana hivi: nyimbo nne zilizobaki nazimalizia mimi, yeye atapiga video ya moja. Baada ya hapo kila mtu na lake, tukikutana tena poa, tusipokutana poa pia. Nilipokuwa kwenye basi la kurudi hiyo "poa pia" iliniuma, sitaki kudanganya. Ila ni afadhali kuliko ile miezi miwili.

Usiku huu nimefungua wimbo wa tatu. Kinanda chake kina kosa katikati, kidole kimeteleza. Siku zote nilitaka kulifuta. Nimeliacha.

Haya, nirudi kwenye madesa kabla sijapata sapu. Mwenye flashi isiyo na virusi anicheki. Tuko pamoja!