Mkono Wako Ndio Upimwe Kwanza

Jumapili moja baada ya Misa dada yangu alinijia nyumbani hapa Karatu, machozi yakimlengalenga. Hata kiti hajakikalia, akasema, "Kaka, mwanangu amepotea. Anataka kununua bastola."

Mwana huyo ni mpwa wangu, kijana wa miaka 24, naye ni muuguzi huko Ujerumani. Nikamwambia mama yake anywe chai kwanza, kisha anieleze pole pole. Kumbe kijana amejiunga na chama cha walenga shabaha katika kijiji anachokaa. Vyama vya namna hiyo ni vya zamani sana kule, tangu enzi za pinde na mishale. Vingi ni vya Wakatoliki, na vingi vimewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Sebastiani, yule askari wa Roma aliyechomwa mishale kwa ajili ya imani, ambaye sikukuu yake ni tarehe 20 Januari. Wanachama huandamana na bendera yao kwenda kanisani, na siku nyingine hukutana kulenga shabaha. Hawawindi mtu wala mnyama. Huitoboa karatasi, basi.

Nilipomweleza hayo dada yangu alitulia kidogo, lakini hakuridhika. Akaniuliza, "Je, umesahau ya mdogo wetu?"

Sikusahau. Nitawasimulia, maana ndiyo asili ya maneno yangu yote.

Mwaka 1966 nilikuwa na miaka 12. Kijiji chetu kiko chini ya msitu wa Ngorongoro. Baba alikuwa akiteremka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kubadilishana mahindi kwa asali ya Wahadzabe. Safari moja alinichukua, nami nikamwomba aninunulie upinde. Mzee mmoja wa Kihadzabe akatoa pinde tatu, akaniambia nivute ule mkubwa. Haukupinda hata kidogo! Pinde za watu wazima wa kabila lile ni ngumu ajabu. Nyingi zahitaji nguvu ya kilo 30 na zaidi kuvutwa, na kamba yake ni mishipa ya mnyama iliyosokotwa. Nikavuta wa pili kwa kukaza meno. Hapo mzee akasema, "Shikilia hivyo hivyo. Sasa taja jina lako, la baba yako, na la babu yako." Nilipofika kwa baba mkono ulianza kutetemeka. Mzee akacheka, akaninyang'anya, akanipa ule mdogo. Huo niliushikilia mpaka kwa babu, mkono umetulia kama jiwe.

Tena akanionyesha mishale. Mmoja ulikuwa wa mti mtupu, ncha imechongwa tu, nao ni wa ndege na wanyama wadogo. Wa pili ulikuwa na ncha ya chuma. Wa tatu una chuma na sumu iliyopikwa kutokana na mti, nao ni wa wanyama wakubwa. Akasema kwamba mtu anayempiga njiwa kwa mshale wa sumu ni mpumbavu, maana amepoteza mshale na nyama pia.

Basi nilirudi nyumbani na upinde mdogo na mishale ya mti. Lakini kiburi cha utoto! Wavulana wenzangu wakanicheka wakiuita upinde wa mtoto. Jumapili moja tulikubaliana kushindana kupiga kibuyu kilichotundikwa mtini. Mimi nikauiba upinde wa baba uliokuwa ukutani, pamoja na mshale wa chuma. Niliuvuta kwa nguvu zangu zote, mikono ikatetemeka, kamba ikaniponyoka kabla sijakusudia. Mshale haukwenda kwenye kibuyu. Ulikwenda kando, alikokuwa mdogo wangu akiokota mishale ya wenzetu, ukamwingia pajani.

Dada yangu ndiye aliyemshika kichwa tulipokuwa tukimbeba kwenda zahanati. Namshukuru Mungu kwamba mshale ule haukuwa na sumu. Alipona, lakini hata leo ni mzee mwenzangu na anachechemea. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo laniuma kuliko lawama. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na aliyeumia mguu ni mwingine.

Jioni ile nikampigia simu kijana.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako analia. Nieleze habari ya bastola."

Akanieleza kwa furaha. Wenzake wamemsifia bastola ya risasi za milimita 9, ile ya ukubwa wanaochukua polisi na askari wengi. Ameipiga mara chache kwenye uwanja wa chama, naye anataka ya kwake. Sheria ya kule imemzuia kidogo: hana budi kuwa mwanachama kwa miezi 12, na kwa kuwa hajafikisha miaka 25, akitaka bastola kubwa sharti kwanza alete cheti cha mtaalamu kwamba akili yake imekomaa. Kwa ile ndogo ya milimita 5.6, ambayo wenye bunduki huiita .22, hadaiwi cheti hicho. Akaona hayo ni usumbufu mtupu.

Nikamwuliza, "Katika mashindano unayotaka kuingia, hupigwa risasi gani?"

Akanyamaza. Hakuwa ameuliza! Hilo, ndugu msomaji, ndilo kosa la kwanza la watu wengi. Huchagua chombo kabla ya kujua kazi. Nikamtuma kwa mwalimu wake, naye alipopiga tena simu alikuwa na habari kamili. Katika shabaha ya mita 10 hutumiwa bastola ya upepo, isiyo na baruti, yenye kidonge cha milimita 4.5. Duara la katikati, lenye alama 10, lina upana wa milimita 11.5 tu, yaani kama kifungo cha shati, na mshindani hupiga mara 60 kwa mkono mmoja. Katika shabaha ya mita 25 hutumiwa ile ya 5.6. Siku hizi katika Olimpiki hakuna mashindano ya bastola yenye risasi kubwa kuliko hiyo. Yapo mashindano mengine ya risasi kubwa, lakini si mahali pa kuanzia.

"Unaona?" nikamwambia. "Karatasi si nyati. Wataka kumpiga njiwa kwa mshale wa sumu."

Kisha nikampa majaribio mawili. La kwanza ni lile la mzee wa Mang'ola: anyoshe mkono na bastola isiyo na risasi, alenge, ataje jina lake, la baba yake na la babu yake. Mkono ukitetemeka kabla ya babu, bastola ni nzito mno, au mpini wake haukai vizuri kiganjani. La pili ni la mlio. Apige, halafu aseme kweli mbele ya Mungu: wakati ule wa mlio, je, macho yake yalikuwa wazi, yakiiona ile ncha ya mbele ya kulengea?

Baada ya majuma mawili akaniletea majibu. Uzito haukumshinda, maana bastola hizo hazipishani sana, kila moja yapata kilo moja au karibu. Kilichomshinda ni lile la pili. Risasi ya milimita 9 ina mshindo mkubwa na teke kali. Mwili hauupendi, basi hujihami kabla: macho hufumba, kidole hukivuta kifyatuo kwa ghafula, mkono huinama kabla risasi haijatoka mtutuni. "Mjomba," alisema, "nilikuwa nikifumba macho kila mara, wala sikujijua." Kwa ile ya 5.6 teke ni dogo, macho yakabaki wazi. Kwa ile ya upepo teke karibu halipo, na hapo makosa yake yote yakaonekana waziwazi, bila kelele ya kuyaficha. Tena risasi ndogo ni rahisi kwa bei, kwa hiyo mtu aweza kupiga nyingi na kujifunza zaidi.

Nikamkumbusha pia habari ya Károly Takács wa Hungaria. Alikuwa askari na mlenga shabaha hodari, lakini mwaka 1938 bomu la mkono lilimharibu mkono wa kulia, mkono wake wa kulengea. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1948 alishinda nishani ya dhahabu ya bastola katika Olimpiki ya London, na tena Helsinki mwaka 1952. Hakushinda kwa sababu alinunua bastola kubwa zaidi. Aliufunza mkono uliobaki.

Mpwa wangu ameiacha habari ya kununua. Hutumia bastola ya upepo ya chama, na jambo moja ameniapia: hakuna mtu kupita mbele ya mlengaji, wala kidole kugusa kifyatuo kabla ya wakati wake. Katika mashindano ya chama hakushinda, alikuwa wa nne. Lakini risasi zake zote 60 zilikuwa ndani ya karatasi, na mama yake alicheka aliposikia.

Vijana wa hapa kwetu msinielewe vibaya. Huku bastola haimilikiwi bila leseni, na msitu wa Ngorongoro, uliomo katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959, si mahali pa kujaribia upinde wala bunduki. Nisemalo ni kwa kila chombo, iwe jembe, pikipiki au madaraka. Kabla hujauliza kina nguvu kiasi gani, jiulize mkono wako waweza kukituliza mpaka kwa babu. Mimi sikujiuliza, na kila Jumapili namwona mdogo wangu akipanda ngazi za kanisa mguu mmoja mmoja.