VITA NZIMA JUU YA MEZA!

Wiki hii funga mkanda, tunatua London. Najua ukisikia London unangoja habari za viwalo vya Oxford Street na picha ya kupiga mbele ya Big Ben. Hizo utapewa na wengine. Mimi nakupeleka Chelsea, na wala si kule uwanjani kwenye kandanda.

Pale Royal Hospital Road kuna National Army Museum, makumbusho ya jeshi la Uingereza. Nilipokwenda kiingilio kilikuwa bure, na mtu wa Bongo mwenye pauni za kuhesabu neno hilo halipuuzi. Kilichonipeleka ni meza. Ndiyo, meza! Juu yake kuna vita vya Waterloo vya Juni 18, 1815, vimegandishwa kwenye saa moja na ushee jioni, pale Napoleon alipowatupa vitani walinzi wake mwenyewe, karata yake ya mwisho.

Si mchezo, bwana. Meza ina ukubwa wa mita za mraba 37 hivi, yaani chumba changu na cha jirani yangu tukivunja ukuta wa katikati. Juu yake wamesimama askari zaidi ya 70,000 wa bati na risasi, kila mmoja mdogo kiasi cha kumficha chini ya ncha ya kidole. Kuna farasi, mizinga, nyumba na mashamba. Unainama, unakodoa macho, na baada ya dakika kumi unaanza kusikia kelele ambazo hazipo.

Aliyeijenga anaitwa William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1830 alipewa kazi hiyo na wakubwa zake, akafunga safari hadi Ubelgiji na kuishi miezi minane kwenye nyumba ya shamba la La Haye Sainte, katikati kabisa ya uwanja wa vita. Alipima kila bonde na kila kinundu. Kisha akawaandikia barua maofisa waliopigana: ulikuwa wapi saa ile, adui alikuwa wapi, na mbele yako palipandwa nini? Unaona mambo hayo? Jamaa alitaka kujua hadi aina ya nafaka iliyokuwa shambani! Majibu yalimiminika kwa mamia.

Wanaojenga meza kama hizi leo kwa ajili ya wakusanyaji wa askari wa kuchezea bado wanafuata njia ileile. Kwanza ramani na kipimo, halafu ardhi, askari mwisho. Siku hizi milima inachongwa kwa maboksi magumu ya povu, inapakwa plasta, inamwagiwa gundi na mchanga, ndipo nyasi za bandia zinanyunyizwa juu. Na meza kubwa haijengwi kipande kimoja, inagawanywa vipande vipande vinavyoungana. Ukikaidi, utamaliza kazi ya mwaka mzima halafu mlango ukukatalie kutoka!

Sasa kasheshe. Mwaka 1833 serikali ilifunga mfuko. Siborne hakuiacha kazi, akakopa huku na huku, akaendelea. Mwaka 1838 meza ikaonyeshwa katika ukumbi wa Egyptian Hall, mtaa wa Piccadilly, kiingilio shilingi moja. Watu wapatao 100,000 walikwenda kuiona. Piga hesabu mwenyewe, ni fedha kibao. Lakini mfukoni mwa Siborne haikuingia ya kumtoa kwenye madeni. Alifariki mwaka 1849 bila kufaidi jasho lake. Wasanii wetu wakisoma hapa watatikisa vichwa tu, hadithi wanaijua.

Lililoniuma zaidi si fedha. Waterloo hakupigana Mwingereza peke yake. Jioni ile Waprusi, wakiongozwa na mzee Blücher, waliingia kwa maelfu upande wa mashariki na kumbana Napoleon ubavuni. Siborne aliwauliza watu wa pande zote, akawapanga Waprusi pale alipoamini walikuwepo. Basi wakubwa wakanuna. Duke wa Wellington, jemadari aliyeshinda na baadaye waziri mkuu, hakupenda meza inayoonyesha kwamba ushindi wake ulikuwa na wabia wengi kiasi hicho. Siborne alivutana nao miaka, mwisho akasalimu amri. Waprusi kwa maelfu wakang'olewa mezani. Hebu fikiria, umenusurika vitani, halafu unakuja kufutwa kwa kibano!

Nikaona isiwe taabu, niende nikaione ardhi yenyewe. Treni ya kwenda Brussels inaondokea St Pancras. Zamani, kuanzia 1994 hadi 2007, ilikuwa ikiondokea stesheni ya Waterloo, kwa hiyo Wafaransa walikuwa wakiingia London na kupokelewa na jina la kipigo chao. Waingereza wana utani mbaya, washkaji!

Kutoka Brussels nilichukua treni ndogo hadi Braine-l'Alleud, nikamalizia kwa miguu. Pale kuna kilima cha kutengenezwa chenye simba wa chuma juu yake, ngazi 226. Nilipanda nikihema kama mbuzi wa Idi. Ukiwa juu unaiona La Haye Sainte bado imesimama, na mashamba yanatulia kama hakuna lililotokea. Kilima hicho kilimalizika mwaka 1826, na udongo wake ulichotwa kwenye tuta lilelile walilojikinga askari wa Wellington. Maana yake Siborne alipofika mwaka 1830 uwanja ulikwishaguguna. Meza ya Chelsea inatunza ardhi ambayo Ubelgiji kwenyewe haipo tena.

Chini ya kilima kuna jumba la duara lenye mchoro wa Louis Dumoulin wa mwaka 1912, mita 110 kuzunguka. Mbele ya mchoro wamepanga udongo, uzio na sanamu za wafu, hata usijue meza inaishia wapi na picha inaanzia wapi. Wafaransa wanapiga mbio kwa farasi, wanapendeza kweli. Kila anayejenga ana wake.

Ndipo nikaikumbuka Dar. Pale Posta tunapishana kila siku na Sanamu ya Askari, ya shaba, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliobeba chakula na risasi vichwani na kufa kwa maelfu kwa magonjwa na njaa. Lakini juu ya jiwe amesimama askari peke yake. Mpagazi kabakia kwenye maandishi, na kwenye jina la Kariakoo, maana ndiyo ile Carrier Corps yao iliyopita kwenye ndimi zetu. Nairobi walau wamemsimamisha mpagazi naye, pale Kenyatta Avenue.

Kwa hiyo, kijana mwenye mikono yako, udongo upo, bati lipo, mbao za maboksi zimejaa Gerezani. Tujengee Tanga ya Novemba 1914, pale Waingereza na Wahindi wao walipopigwa na jeshi la Mjerumani, wengi wao askari weusi. Usisahau nyuki waliowashambulia watu katikati ya mapigano. Na nyuma ya kila mzinga, tafadhali, weka wapagazi. Mkubwa yeyote akija kukuambia wanajaza meza, mwambie meza iongezwe.