Ngoma za Bujora Hazijanyamaza

Anayetoka Mwanza mjini kwenda Bujora hufuata barabara ya Musoma. Ziwa hubaki nyuma pamoja na mawe yake makubwa yaliyobebana. Unapita Nyakato, kisha Igoma, walikozikwa wengi wa waliofariki katika ajali ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Hapo hata wasemaji wakubwa wa daladala letu walinyamaza kidogo. Baada ya kilometa kama 20 tangu mjini unashuka Kisesa, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu kupanda kilima.

Tulikuwa akina mama tisa wa kikundi cha kanisa, na vikapu vyetu vya chapati na mayai ya kuchemsha. Ulikuwa mwezi wa Juni, wakati wa Bulabo. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, vumbi ni jingi, na Wasukuma wanacheza ngoma.

Jina la Bulabo limetokana na maua. Sherehe hii huanza na sikukuu ya Ekaristi, Wakatoliki wanapoandamana na kupamba njia kwa maua, na baada ya Misa ngoma huendelea kwa muda wa wiki mbili hivi. Aliyeiunganisha sherehe ya kanisa na ngoma za wenyeji ni Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye watu wengi walizoea kuliita Mapadre Weupe. Alifanya hivyo katika miaka ya 1950, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafunguliwa mwaka 1962. Wakati huo Mkristo aliyeonekana uwanjani mwa ngoma aliweza kutengwa, na wamisionari wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, waliamini kwamba ngoma na uganga ni kitu kimoja. Padre Clement alikaa na wazee na waimbaji wa parokia walioitwa Bana Sesilia, yaani watoto wa Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Pamoja nao alikusanya nyimbo, ngoma na vyombo vya watemi, na ndiyo asili ya Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo kilimani hapo. Kanisa lenyewe ni la mviringo kama nyumba ya mtemi, na ndani yake utaona alama za enzi, kiti, ngao na mkuki, zikimtukuza Kristo aliye Mtemi wa kweli. Sisi si Wakatoliki, lakini tulikaa humo kimya kwa muda mrefu.

Padre huyo alifariki mwaka 1986. Majengo yakaanza kuchakaa, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Katika miaka ya 1990 ukarabati ulifanyika, na mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alihudhuria Bulabo. Lakini tuseme kweli, mgeni wa heshima huja siku moja. Wanaoidumisha ngoma ni watu tusiowajua majina, na hao ndio tuliotaka kuwaona.

Wachezaji wa Usukumani wamegawanyika tangu zamani katika pande mbili, Bagika na Bagalu. Asili yao ni ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Hadi leo pande hizo zinaposhindana hakuna jaji mwenye kalamu na karatasi. Makundi mawili hupiga kwa wakati mmoja, kila moja katika kiwanja chake, na watu huenda wanakovutiwa. Aliyevuta umati ndiye mshindi. Ndiyo maana kila kundi hutafuta kitu cha kushangaza: mmoja anacheza na chatu, mwingine ana sanamu za mbao zinazotikisa viungo, na vijana wa bugobogobo wanarusha majembe juu na kuyadaka bila kukosea mdundo. Nyimbo hutungwa na kiongozi aitwaye ningi, naye huongeza maneno papo hapo kadiri anavyowaona watu waliosimama mbele yake. Wimbo mmoja unaweza kuchukua muda wa ibada nzima.

Makundi mengi hayana mfadhili. Tangu zamani vijana wa bugobogobo wameishi kwa kualikwa kulima: mwenye shamba huwalipa chakula, fedha au mfugo, nao hulima kwa mstari huku ngoma ikiwasukuma. Mwaka 1974, familia zilipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, majirani wengi waliolima pamoja walitawanyika. Yapo pia majembe ya kukokotwa na matrekta, na siku hizi harusi nyingi zinakodi spika na muziki wa bongo fleva. Ngozi ikipasuka, watu wanachanga. Ningi akifariki, kundi linaweza kugawanyika kwa ugomvi wa nani ashike nafasi yake.

Mmoja wetu alikuwa na sababu yake ya kuja, nasi tuliijua. Mwanawe wa pili amejiunga na kundi la bugobogobo. Nyumbani kwake hakukuwa na amani juu ya jambo hili, na wazee wa kanisa walikwisha kumwita mara mbili. Kinachowatisha ni samba, yaani dawa ya ngoma, ambayo makundi mengi yameitumia ili kuvuta watu na kuwadhoofisha wapinzani. Tusiwadharau wazee hao. Samba ipo, na mama Mkristo ana haki ya kuuliza mwanawe anapakwa nini kifuani.

Basi alikwenda akamwuliza kiongozi wa kundi, mtu mzima mwenye mvi, mbele yetu sote.

"Mama yangu," alijibu kwa adabu, "wapo wanaotumia, sitakudanganya. Baba yangu alitumia. Mimi nilibatizwa, nikaiacha, na tangu hapo nimeshindwa mara nyingi. Vijana hawa wanakesha kwenye mazoezi tu."

Mama mwenzetu hakusema kitu. Alikwenda kusimama pembeni, akajifunga kanga vizuri.

Saa tisa alasiri ngoma zikaanza. Kijana tulimtambua mara moja, alikuwa kwenye ngoma kubwa, jasho linamtiririka hadi kwenye viwiko. Kwa nusu saa uwanja wao ulijaa. Majembe yalipanda na kushuka yakimeta juani, akina mama wakapiga vigelegele, hata sisi tulisahau vikapu vyetu. Ndipo upande wa pili wakamtoa chatu, na umati ukahama kwa kishindo. Chatu hana sumu, lakini umati unaokimbia una hatari zake: wawili kati yetu ni wauguzi, na tulilazimika kumwosha na kumfunga mtoto mmoja aliyekanyagwa vidole.

Tulipoinua macho, kundi la kijana yule lilikuwa limebaki na wazee wachache, watoto na sisi tisa. Tulidhani wataweka majembe chini. Kiongozi alitugeukia sisi, akaanza kutuimbia kwa Kisukuma akitutania juu ya chapati zetu, na vijana wakaitikia kwa nguvu ileile waliyokuwa nayo uwanja ulipojaa. Waliendelea hivyo karibu saa nzima. Baadhi ya watu walirudi, lakini hawakutosha, na jua lilipopungua kila mtu alijua nani ameshinda.

Hawakununa. Walikusanya majembe, wakayahesabu, wakaketi chini ya mti kunywa maji. Kijana alikuja kumsalimu mama yake kwa kichwa kilichoinama, viganja vimechubuka. Alivishika akaviangalia kwa muda.

"Mmeshindwa," alisema.

"Ndiyo, mama. Na jana pia."

"Mnacheza tena lini?"

"Kesho, saa nane."

Alifungua fundo la kanga, akahesabu nauli ya kesho, kisha akatuuliza nani kati yetu atarudi naye. Tulikubali watano.