Droni yangu haikujua kwamba pale kuna mlima

Najua nimepotea kwa muda, kazi za watu zimenibana sana. Leo siandiki kuhusu tovuti wala hifadhidata. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyokaribia kumuumiza mtoto wa watu kwa kamera inayoruka, halafu niwaeleze nilichojifunza ili nyinyi msirudie kosa langu.

Agosti mwaka jana nilikwenda kumsalimia mjomba wangu huko Taita, juu ya Wundanyi. Nilibeba droni yangu ndogo, ile isiyofika gramu 250. Imesajiliwa KCAA, kibali ninacho, na nilikuwa nimeirusha mara nyingi kwenye mbuga za Kitengela bila tatizo. Nilijiona rubani kamili.

Mjomba alikuwa na shida. Maji ya bomba yanayotoka kwenye chemchemi ya mlimani yalikuwa yamekatika siku tatu, na kulifuata bomba lile kwa miguu ni kazi ya asubuhi nzima kwa mzee mwenye goti bovu.

"Hicho kidude chako hakiwezi kwenda kutuangalilia?" akaniuliza.

"Kinaweza sana, mjomba," nikajibu, kifua mbele.

Nikairusha kutoka uani. Nikaipeleka kwa urefu wa mita 40, ikazunguka bega la mlima kuelekea chemchemi. Mara tu ilipopita nyuma ya bega lile, picha kwenye simu ikaanza kukatika, kisha ikaganda kabisa. Sikushtuka. Droni hizi zikipoteza mawasiliano hupanda zenyewe hadi urefu uliouweka, kisha hurudi moja kwa moja mahali zilipoanzia. Mimi nilikuwa nimeweka mita 60. Nikamwambia mjomba asubiri tu, inakuja.

Na kweli ilikuja, maana tuliisikia ikivuma. Halafu tukasikia matawi yakivunjika, halafu kimya.

Nilikimbia kupanda kile kilima kama mwizi. Nilipofika kwenye mikaratusi nikamkuta msichana wa miaka kama tisa amesimama njiani, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Droni ilikuwa imelala hatua tatu mbele yake, panga moja bado linajaribu kuzunguka.

"Ni yenu?" akaniuliza.

Nikashindwa kujibu. Kitu kile ni chepesi, ndiyo, lakini kikianguka kutoka mita 10 huku mapanga yanazunguka, kikakupata jichoni, uzito hautakusaidia.

Jioni mjomba akanipeleka kwa mama wa yule mtoto kuomba radhi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Ulikuwa unaiona?" Nikasema hapana. Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kuongeza.

Usiku ule sikulala. Mimi hula kwa kutafuta hitilafu kwenye programu, kwa hiyo nikaanza kutafuta hii. Na niliyoikuta haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa yangu.

Urefu unaouona kwenye skrini haupimwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Unapimwa kutoka pale ulipoirushia. Ndani yake kuna kipima hewa, na wakati wa kuondoka droni inajiambia "hapa ni sifuri". Kuanzia hapo hesabu zote ni za sifuri ile. Kitengela haina neno, maana ardhi ya pale ni kama meza. Taita, bega la mlima lilikuwa mita 50 juu ya ua wa mjomba, na mikaratusi iliyosimama juu yake inaongeza mita 25 au zaidi. Mita 60 zangu zilikuwa katikati ya matawi! Droni ilitii amri yangu vizuri kabisa. Na kwa kuwa aina hii ndogo haina vihisi vya mbele, haikuwa na njia ya kujua.

Jambo hili lina upande wa pili. Sheria za Kenya za mwaka 2020 zinaweka kikomo cha futi 400, yaani kama mita 120, juu ya ardhi. Ukisimama kwenye ukingo wa jabali na kuipeleka mbele juu ya bonde, skrini inaweza kusema mita 10 huku chini kuna mita 300. Umeshavunja sheria na skrini haijasema kitu.

Sasa haya ndiyo ninayoyafuata nikiwa milimani:

1. Naangalia kilele kirefu kuliko vyote kati yangu na ninakokwenda, naongeza urefu wa miti, naongeza mita 20 za wasiwasi, ndipo naweka urefu wa kurudi. Nimejiandikia programu ndogo inayochora mstari kati ya pointi mbili na kusoma mwinuko kutoka data za SRTM, zile zilizokusanywa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. Zinapatikana bure. Lakini angalieni: ni vipimo vya kila mita 30 hivi, na hazikupi ncha za miti ya leo. Miti iongezeni wenyewe.

2. Siipeleki nyuma ya kitu. Mawimbi ya redio hayapiti ndani ya mlima, na majani mabichi huyanyonya. Nikitaka kuona upande wa pili, mimi ndiye ninayepanda juu, droni inafuata.

3. Karibu na miti sirudi nyuma wala kwenda ubavuni bila kuangalia kwa macho yangu. Kamera inaangalia mbele, mti uko nyuma. Hata droni zenye vihisi hukosa kuona vitawi vyembamba na nyaya za umeme, hasa jua likizama. Nikiingiwa na shaka nasimamisha kila kitu, napanda wima kwanza, ndipo nageuka. Na sianzii chini ya miti, kwa sababu GPS hapo ni dhaifu na droni inaweza kukosea mahali ilipotoka.

4. Naheshimu upepo. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini mashariki, unagonga milima ya Taita na kupanda. Upande wa nyuma unaanguka na kuviringika, na hapo ndipo droni ndogo inatupwa kama karatasi. Juu ya Vuria, mita 2,208, hewa nayo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, hivyo mapanga yanafanya kazi zaidi na betri inaisha mapema. Naanza safari kwa kuukabili upepo ili unisukume nikirudi, na betri ikifika nusu nageuza.

5. Natafuta kwanza njia za watu ziko wapi. Mlimani njia zinapita chini ya miti na huzioni kutoka juu. Siku hizi namuuliza mwenyeji, na mtu mmoja anasimama pamoja nami kuangalia wapitaji.

Mtauliza, je, maji? Kesho yake tulipanda kwa miguu na kijana wa mjomba. Mzizi ulikuwa umeinua bomba na kulipasua, chini ya miti mizito kabisa. Hata kama droni ingefika salama, ingeona majani tu.

Nilirudi huko Desemba, nikairusha kutoka juu ya lile bega, mahali peupe, nikiiona mwanzo hadi mwisho. Yule msichana alikuja kutazama. Nilimwomba asimame nyuma yangu, na akasimama mbali kuliko nilivyomwambia. Sikumlaumu.

Kwa leo naishia hapo. Kabla hujabonyeza kitufe cha kuruka, inua macho uangalie mlima, kisha rudi kwenye skrini uangalie namba uliyoweka. Itachukua dakika moja tu. Tuonane tena, panapo majaliwa.