Kiboksi cha "Kuhusu" kimeniumbua

Haya wadau, nimeadimika humu wiki mbili nzima. Si mgomo wala malaria, ni ile kazi ya kundi niliyowaambia: programu ya kutunza hesabu za duka la fotokopi. Tuliwasilisha Alhamisi. Nilitaka kukaa kimya, ila nimeona bora niseme.

Wasiosoma kompyuta msikimbie. Fungua programu yoyote, nenda menyu ya Msaada, mara nyingi chini kabisa utakuta "Kuhusu". Ukibofya, kinatokea kiboksi chenye jina la programu, toleo, hakimiliki na walioitengeneza. Wengi hatuna habari nacho.

Sisi tulitumia Python na GTK 3, na humo kiboksi hiki hukiundi toka mwanzo. Kipo tayari, kinaitwa AboutDialog. Unajaza jina na namba ya toleo, kisha majina: walioandika programu, walioandika mwongozo, waliochora, waliotafsiri. Kila kazi ina nafasi yake. Halafu set_transient_for, ukitaja dirisha kuu ili kiboksi kikae juu yake, run() kukionyesha, na destroy() mtu akishakifunga. Hiyo ya mwisho niliisahau, nikabofya Funga mpaka kidole kikachoka, kiboksi kimeganda palepale. Saa nane usiku hiyo!

Nilipokirekebisha, kwenye nafasi ya waandishi nikaweka jina moja. Langu. Nafasi nyingine nikaziacha tupu.

Na tulikuwa wanne. Mmoja alichora aikoni, mwingine akaandika mwongozo. Dada mmoja alitafsiri menyu zote kwa Kiswahili, kisha akaenda dukani siku tatu mfululizo kumwangalia muuzaji akiitumia, akarudi na karatasi mbili za makosa. Bila zile karatasi programu ingekuwa bado inajumlisha hadi risiti zilizofutwa.

Alhamisi mwalimu hakuanza na hesabu. Alikwenda moja kwa moja Msaada, Kuhusu. Akasoma, akageuka: "Kundi hili lina watu wangapi?" Projekta inawaka, jina langu liko ukutani peke yake.

Nikajitetea kwamba nilizidiwa na usingizi. Tulipotoka nje yule dada akaniambia taratibu, "Kaka, mbona lako hukulisahau?" Jamani, niliishiwa maneno. Ukweli ni kwamba sikusahau. Niliwaza kabisa kuwa msimbo nimeandika mimi, kwa hiyo programu ni yangu.

Mnajua ninavyopenda kusimulia habari za Warren Robinett, aliyetengeneza mchezo wa Adventure wa Atari 2600 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ilikuwa haiwataji watengenezaji, naye akaficha humo chumba cha siri chenye jina lake. Kukifikia lazima kwanza uokote kinukta ambacho ni rahisi kukipita bila kukiona. Mimi huwa namshangilia sana. Kumbe siku nilipopewa kiboksi nikijaze, nikafanya yaleyale aliyofanyiwa yeye.

Ijumaa nikatoa toleo 1.0.1. Hakuna hesabu iliyobadilika, ni majina tu. Nilimwuliza kila mmoja anataka jina lake liandikwe vipi. Yule dada alitaka la baba yake liwe kamili, si herufi moja na nukta. Nikaliandika, nikamwonyesha. Akasema "sawa", akaondoka. Bado tunasalimiana kwa mbali, na sishangai.

Kwa hiyo wewe mwenye kazi ya kundi, jaza hicho kiboksi siku ya kwanza, mkiwa wote mezani. Usiku wa mwisho mtu unajiona uko peke yako.

Haya, nawahi foleni ya wali maharage kabla haijafika mlangoni. Tuonane.