Kelele za Hilux ya Mzee

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili na wapo walioniandikia kuuliza kulikoni. Kulikoni ni hivi: nilikuwa nyumbani Ilula, mkoani Iringa, nikisikiliza gari.

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo chake alinunulia pikapu, Toyota Hilux ya mkononi yenye injini ya 3L, ile ya dizeli ya lita 2.8. Hiyo ndiyo inayotoa nyanya shambani kuzipeleka barabara kuu. Ndiyo iliyonisomesha chuo kikuu na sasa inamsomesha mdogo wangu. Ikiugua, nyumba nzima hailali.

Mwezi uliopita akanipigia simu. Akiwasha asubuhi gari linapiga "kraaaa!" kama mtu anasaga kokoto, halafu linawaka. Fundi wa pale kamwambia injini inakaribia kunoki, lazima ishushwe na kufunguliwa, aandae milioni tatu. Mimi nilikuwa chumba cha habari, mhariri ananidai habari. Nikamjibu haraka haraka: "Baba, gari lenyewe la zamani hilo, uza tu."

Akanyamaza kidogo. "Sawa mwanangu, wewe ndiye uliyesoma."

Usingizi haukuja usiku ule. Nimesomea uandishi wa habari, injini sijasomea hata siku moja! Kesho yake mama akaniambia kwamba mnunuzi kashapatikana, na aliyemleta ni yule yule fundi. Jamani... habari ya chanzo kimoja, tena chanzo chenye maslahi, mhariri wangu angenirudishia usoni. Lakini kwa baba yangu niliipitisha bila hata swali. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi.

Binamu yangu akatutafutia fundi mwingine, mtu mzima kutoka Iringa mjini. Alifika alfajiri, baridi ya mwezi wa sita inakata masikio. Hakufungua boneti. Baada ya salamu alimuuliza mzee maswali matatu tu: Sauti inaanza lini? Inaisha lini? Ukikanyaga mafuta inabadilika?

Mzee akajibu: inaanza ukizungusha ufunguo, inaisha injini ikishawaka, na ukikanyaga mafuta haipo kabisa.

"Basi Mwalimu, injini haijanoki," akasema.

Nilitoa kijitabu changu cha kazini nikaanza kuandika. Injini iliyonoki, alieleza, haifichi ugonjwa wake. Itaendelea kugonga ikiwa imewaka, ukikanyaga mafuta itagonga upesi zaidi, na mara nyingi taa ya oili itakuonya. Sauti inayokufa mara gari linapowaka, itafute kwenye stata na kinachoshikana na stata.

Nawawekea hapa nilivyoandika, huenda ikamfaa mtu:

"Tak-tak-tak" ya haraka huku taa za dashibodi zinafifia: betri imechoka, au vichwa vyake vimelegea au vina kutu.

"Tak" moja kisha kimya, taa zina nguvu zake: kagua stata na nyaya zake.

"Zzzzz" na injini haizunguki: stata inazunguka peke yake, kigia chake hakishiki flaiwili.

"Wiiiii" baada ya kuwaka: mara nyingi ni mkanda wa feni umelegea.

"Kraaaa": meno yanasagana.

Kisha akatuonyesha. Ilipopiga kraaaa, akazima, akaweka gia, tukaisukuma kidogo tu. Akatoa gia, akawasha tena. Ikawaka safi! Kumbe injini ya silinda nne ikizimwa hupenda kusimama sehemu zile zile mbili za mzunguko. Kwa hiyo stata hung'ata meno yale yale ya flaiwili miaka nenda miaka rudi, mpaka yanalika. Ukisukuma gari likiwa kwenye gia, flaiwili inasogea na stata inapata meno mazima.

Gia boksi liliposhushwa tukaona kwa macho: pande mbili zinazotazamana, meno yamelika kama ya bibi kizee. Ikanunuliwa pete nyingine yenye meno, ikapashwa moto ipanuke, ikavishwa kwenye flaiwili. Kigia cha stata nacho kikabadilishwa. Siku mbili, na gharama yote haikufika laki nne. Injini yenyewe haikuguswa.

Jumamosi mnunuzi alikuja na pesa zake. Mzee akamkaribisha chai, akamwambia gari haliuzwi.

Mimi hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Asubuhi ya kuondoka kwangu aliwasha gari anisindikize stendi, akanigeukia: "Umesikia?"

"Sijasikia kitu, baba."

"Ehee," akasema, akaondoa gari.

Nimerudi Dar na tenga la nyanya, majirani wanajua. Nawauliza ninyi mliosoma kama mimi: wazee wakiwapigia simu kuuliza jambo msilolijua, huwa mnawajibu nini? Mimi najifunza kusema: "Sijui, baba. Ngoja niulize."